Madam, Wewe Umeuona?

Wenzangu wa ualimu mnaijua ile wiki ya pili ya fildi. Wiki ya kwanza unatambulishwa mstarini, unapewa kiti kibovu ofisini, walimu wanakuuliza bumu siku hizi linatoka kwa wakati au bado. Wiki ya pili unabebeshwa vipindi vyote vya yule mwalimu ambaye tangu Januari alikuwa anasubiri mtu wa fildi aje ili na yeye apumue. Mimi niliangukiwa na Historia kidato cha tatu, mikondo miwili, pamoja na Kiswahili kidato cha kwanza. Shule ni ya kata, iko wilaya ya Mkalama, mkoa wa nyumbani kwetu, Singida. Jina lake siliandiki, maana kosa ninalotaka kulisimulia ni langu, si la shule.

Mada ilikuwa uchumi wa kikoloni. Kitabu kinataja reli, barabara na bandari, kisha kinahamia kwenye mashamba na kodi. Wiki ile msimamizi kutoka chuoni alikuwa anatarajiwa wakati wowote, na nani asiyejua hofu ya kukaguliwa? Nilitaka andalio langu la somo liwe na kitu ambacho hakipo kwenye kitabu. Mwaka wa pili nilikuwa nimeandika kazi ya semina kuhusu bandari ya Zanzibar, na humo nilikutana na kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa. Nikasema hiki ndicho. Reli ya Kati wanaijua, inapita mkoani kwao, Manyoni na Itigi. Nitawaonyesha kwamba mkoloni alianzia majini kabla hajafika kwetu kwenye mawe.

Nikaandika ubaoni "lighthouse", kwa sababu sekondari tunafundisha kwa Kiingereza hata pale ambapo sote, mwalimu na wanafunzi, tunajua kinachoendelea humo darasani. Nikauliza nani anajua maana yake. Kimya. Baada ya muda mkono mmoja ukanyooka upande wa dirishani.

"Nyumba nyepesi, Madam."

Darasa lilicheka na mimi nikacheka. Usiku nikiwa nimelala ndipo nilipoona kwamba yule mtoto hakustahili kuchekwa. Neno la kwanza alilijua, la pili alilijua, akaunganisha. Alifanya kazi yake. Sisi ndio tuliompa maneno bila vitu.

Basi nikahamia kwenye Kiswahili: mnara wa taa. Hapo mambo yakazidi kuwa magumu. Mnara wanaoujua wao ni wa simu, upo juu ya kilima, usiku una kataa kekundu. "Kumbe kama ule wa mtandao?" Hapana, huu unaongoza meli usiku. Meli wameiona kwenye picha. Na bahari? Maji makubwa waliyoyaona ni Ziwa Kitangiri, tena wale wachache wenye ndugu huko. Siwacheki. Mimi nimekulia Singida mjini, na hadi darasa la tatu niliamini kwa moyo wote kwamba Singidani ni bahari. Mwalimu alikuwa ametuambia maji ya bahari yana chumvi. Nikaenda ziwani na wenzangu, nikachota kwa kiganja, nikaonja, nikayatema. Ushahidi ulikuwa umekamilika.

Nikachora. Mimi na kuchora hatupatani, nikatoa kitu kinachofanana na chupa ya soda imewekewa kofia, na mistari ya mwanga pembeni. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mrefu, mkimya, ambaye tangu nimefika sikuwahi kumsikia akisema neno, akasimama.

"Madam, wewe umeuona?"

Sijui ningewaelezaje mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watoto sitini na wawili akiwa na miaka ishirini na moja, amevaa sketi aliyoazimwa na dada yake. Ukisema "sijauona" unahisi kama ubao mzima unafutika nyuma yako. Nikasema, "Ndiyo, nimeuona." Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini uongo ukishaanza unataka nguo. Nikasema nilikwenda na ndugu zangu. Nikasema taa yake inazunguka, na ukisimama chini yake unaisikia inaunguruma. Yule kijana akaandika. Nilimwona kabisa anainamisha kichwa na kuandika kwenye daftari lake: inaunguruma.

Msimamizi hakuja siku ile. Alikuja wiki mbili baadaye, akanikuta nafundisha aina za maneno kidato cha kwanza, akanipa alama nzuri.

Sasa ngoja niwaambie nilichokuwa nakijua kweli, kwa sababu sikuwa mtupu kabisa.

Mlango wa bandari ya Zanzibar si wa kuingia kichwa kichwa. Kuna miamba ya matumbawe, kuna mafungu ya mchanga, kuna visiwa vidogo vilivyotapakaa upande wa magharibi wa Unguja. Nahodha wa jahazi aliyezaliwa pale anapita usiku kwa kujua nyota na mikondo. Nahodha wa meli ya moshi inayotoka Aden au Bombay, yenye shehena ya watu wengine na ratiba ya watu wengine, hapiti hivyo. Anataka taa, na anataka taa ambayo kila usiku ipo palepale.

Mji wenyewe ulishawahi kuwa na mnara. Sultani Barghash, yule aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, alikuwa na mnara wa taa mbele ya jumba hilo, pale ufukweni, na mabaharia wa Kizungu walikuwa wanautania kwa jinsi ulivyokuwa unawaka. Halafu ikaja tarehe 27 Agosti 1896. Khalid bin Barghash ameketi kwenye kiti cha enzi bila ridhaa ya Waingereza, manowari zimejipanga mbele ya mji, na saa tatu asubuhi na dakika chache mizinga ikaanza. Vita ile tunaisoma kama kichekesho, eti vita fupi kuliko zote duniani, dakika thelathini na kitu. Watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa ndani ya dakika hizo, karibu wote wa upande wa Khalid, kwa hiyo sijui kichekesho kiko wapi. Ule mnara nao ulipigwa. Baadaye Beit al-Ajaib ilikarabatiwa na kuongezewa mnara wa saa kwa mbele, huo ndio mliouona kwenye picha. Nao haupo tena. Uliporomoka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020, nami nikiwa bado sekondari.

Miaka minane baada ya mizinga ile, mwaka 1904, Waingereza wakajenga mnara wa mawe Chumbe. Kisiwa ni kidogo, unaweza kukizunguka kwa miguu maji yakitoka, kiko kilomita kama 12 kusini mwa Mji Mkongwe, kwenye njia ya vyombo vinavyokwenda na kutoka Dar es Salaam. Hakina kisima wala mto. Mtunza taa alijengewa nyumba, na ukajengwa msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi ili yeye na watu wake wapate pa kuswalia. Msikiti wa watu wa nyumba moja! Hilo ndilo lililonikaa kichwani kuliko urefu wa mnara. Fikiria Ijumaa ya pale.

Mwaka uliofuata, 1905, Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kwenye vitabu vyetu taa iko kwenye historia ya Zanzibar na reli iko kwenye historia ya Tanganyika, kurasa mbalimbali, kana kwamba mabehewa yalikuwa yanapeleka mizigo baharini ikaishie majini. Mzigo uliotoka bara ulipakiwa melini, na meli ile usiku iliangalia taa. Hii ndiyo hoja niliyokuwa nataka kuifundisha siku ile, na ni hoja nzuri, bado naiamini. Tatizo ni kwamba watoto hawakuikumbuka. Walikumbuka inaunguruma.

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo ningeweza kuifundisha kwa macho yangu mwenyewe bila kudanganya chochote, nami sikuiona. Mwaka 1926 taa ya Chumbe iliwekewa mfumo wa gesi. Asetilini.

Mjomba wangu ana gereji Singida mjini. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa napeleka chakula chake cha mchana, na kazi yake ni kuchomelea: mabampa, vitanda vya chuma, mageti, mikokoteni ya ng'ombe. Kabla hajapata mashine ya umeme alikuwa anatumia kabaidi. Ni mawe ya kijivu, yanakuja kwenye makopo yaliyofungwa vizuri. Ukiyatia maji yanachemka kama yamekasirika na kutoa gesi yenye harufu mbaya, kama kitunguu saumu kilichokaa kwenye mfuko wa plastiki siku tatu. Gesi ile ndiyo asetilini. Ikiwaka yenyewe inatoa mwanga mweupe mkali na masizi; ikichanganywa na oksijeni inakata chuma. Mjomba alikuwa ananifukuza: "Toka hapo wewe, hii kitu haina rafiki." Fundi mwenzake alipoteza nyusi zote mbili kwa mtungi uliovuja, na zilipoota tena ziliota nyeupe.

Aliyeifanya gesi hiyo iongoze meli ni Mswidi mmoja, Gustaf Dalén. Asetilini ukiikandamiza ndani ya mtungi inalipuka, hata mjomba anajua hivyo. Kazi ya Dalén na wenzake ikawa kuijaza mitungi kitu chenye vitundu vitundu kama sifongo kilicholoweshwa asetoni, gesi ikanyweka humo na kutulia. Kisha akatengeneza vali inayofanya kazi kwa jua: ndani yake kuna fimbo nyeusi na fimbo zinazong'aa, na jua likichomoza ile nyeusi inapata joto, inatanuka na kufunga gesi. Jua likizama inasinyaa, gesi inafunguka, taa inawaka. Kingine ni kile kinachoifanya taa imulike na kuzima, imulike na kuzima, ambacho kinabana gesi na pia kinaipa kila taa mwendo wake, ili baharia akihesabu ajue hii ni ya wapi. Taa ya namna hii inaweza kukaa muda mrefu bila mtu. Mwaka 1912 Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka huohuo, wakati wa majaribio, mtungi wa asetilini ulimlipukia akapofuka macho yote mawili. Kampuni yake aliiongoza hadi alipokufa mwaka 1937, bila kuona taa hata moja.

Ningewaambia watoto wale: kile kilichowekwa Chumbe mwaka 1926 ni ndugu wa kile kinachochomelea mikokoteni ya baba zenu. Ningewapeleka kwa fundi pale senta, dakika kumi na tano kwa miguu. Wangenusa. Badala yake nikawaambia nimekwenda na ndugu zangu.

Fildi ikaisha, tukarudi chuoni. Jambo likawa linanisumbua kwa namna ya kijinga. Nilikuwa nakaa kwenye ukumbi wa mihadhara, mhadhiri anaongelea maadili ya ualimu, slaidi imeandikwa "uaminifu kwa mwanafunzi", na mimi naona daftari la yule kijana. Nikamweleza mwenzangu wa chumbani, ambaye ni mtu wa Unguja, kwao Chukwani. Alicheka hadi akakaa chini.

"Shoga, mie nimeupanda ule mnara niko darasa la sita. Wala hauungurumi. Kimya, unasikia upepo tu na ndege."

Nilimwangalia kama mtu aliyeniibia. Kumbe watoto wa shule za Unguja wanapelekwa kule bila malipo kwa mpango maalumu wa masomo, wanavalishwa miwani na vifaa vya kupumulia, wanaelea juu ya matumbawe kuangalia samaki. Wasichana wa darasa lao, wengine wamezaliwa hatua mia kutoka majini, ilikuwa mara yao ya kwanza kuingiza uso chini ya bahari. Halafu wakapanda ngazi za mnara, zaidi ya mia moja, za kuzunguka. Aliponieleza kuhusu kule juu hakuongeza chumvi yoyote. "Unaona kote. Basi." Nilimuonea wivu kwa ile "basi". Mtu aliyeona kweli hahitaji maneno mengi.

Akanialika kwao sikukuu ya Idd. Nilibana bumu wiki tano. Chapati nikaziaga, nikabaki na wali maharage wa jioni, nikapata nauli ya basi hadi Dar na ya boti kuvuka.

Boti ilipokaribia Unguja mwenzangu akanivuta mkono nje. "Kulia kule. Hebu tizama." Kulikuwa na kisiwa cha miti, chini sana, kama mtu ameweka mkeka wa kijani juu ya maji. Na kwenye miti kimesimama kijiti. Ndio huo? Ndio huo. Mchoro wangu wa chupa ya soda haukuwa mbaya sana, nilijipa alama. Nikatoa simu, nikapiga picha tisa, zote zikatoka maji na kidoa.

Kufika kisiwani sikufika. Anayetaka kwenda kama mgeni analipa kwa kiwango cha watalii au anachoweza mtu mwenye mshahara, na mimi sikuwa mtoto wa shule wa Unguja wala mtu mwenye mshahara. Sitaki kuilaumu bei, nilielezwa kwamba fedha hizo ndizo zinazolipia safari za wale watoto na mishahara ya walinzi. Nasema tu kwamba nilikaa ufukweni.

Usiku wa sikukuu ya pili tulishuka pwani na babu yake mwenzangu, mzee aliyekuwa mvuvi tangu kijana. Giza, maji yametoka, harufu ya mwani. Mbele kule, chini kabisa, mwanga ukatokea na kupotea. Ukatokea tena. Niliuhesabu nikapoteza hesabu. Sikuona chochote kinachozunguka, wala hakuna kilichounguruma. Ni kitu kidogo mno kwa uongo mkubwa niliousema.

Nikamuuliza, "Babu, nyinyi Chumbe mlikuwa mnavua?"

"Chumbe? Hatukuvua, mwanangu. Ile njia ya meli. Na huku upande huu wanajeshi. Tena mbali, sisi tukenda kwa ngalawa na tanga, mashine nani alikuwa nayo? Mtu apite mbele ya taa, aonekane, kwa samaki gani? Samaki walikuwa wako kila pahala."

Maneno yale yalinifungulia kitu nilichokuwa nimekisoma bila kukielewa. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi wa Chumbe kuwa hifadhi, na kisiwa kikaanza kuendeshwa na kampuni binafsi iliyoanzishwa na mama mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, lengo likiwa utalii mdogo unaolipia uhifadhi na elimu. Nyumba ya mtunza taa ilikuwa gofu. Wakaijenga upya kuwa kituo cha wageni na masomo. Vijana wavuvi wa vijiji vya jirani wakafunzwa kuwa walinzi. Wataalamu walipochunguza mwamba walikuta matumbawe mazima na aina zaidi ya 400 za samaki, wakati sehemu nyingi za pwani yetu miamba ilikuwa imeshavunjwa kwa baruti na nyavu za kukokota. Kwa nini pale palipona? Kwa sababu ya majibu ya babu: njia ya meli, jeshi, umbali. Mnara uliwekwa ili meli za biashara zisivunjike kwenye mwamba. Miaka tisini baadaye ikaonekana kwamba mwamba ndio ulikuwa umelindwa dhidi ya watu. Hakuna afisa wa 1904 aliyeandika hilo kwenye mpango wake, nina uhakika.

Usidhani babu alikuwa anaisifia hifadhi. Alisema mwanzoni walikasirika. Mtu kaona bahari tangu azaliwe, anakuja mwingine anaiwekea maboya na kukwambia hapa mwisho wako. Kisha akanyamaza, akasema samaki wakizaliana kule wengine wanatoka nje, na huko nje ndiko anakotega mjukuu wake mwingine. "Hawajui boya wale." Sikuweza kujua kama amekubali au amezoea. Kwa umri wake huenda ni kitu kimoja.

Likizo ndefu nikarudi Singida. Nilimsaidia mama kupepeta alizeti siku nne, siku ya tano nikapanda Noah ya kwenda Nduguti, watu kumi na wawili na kuku. Kidato changu cha tatu kilikuwa sasa kidato cha nne, kinahesabu wiki za mtihani wa taifa. Mwalimu wa taaluma alinishangaa: "We binti, umerudi bila barua ya chuo?" Nikamwambia ukweli, kwamba kuna kitu niliwafundisha vibaya nataka kukisahihisha. Aliniangalia kwa muda. Akasema dakika ishirini, baada ya chai.

Nilikuwa nimebeba kijiwe cha kabaidi kutoka kwa mjomba, kidogo kama punje ya karanga, kwenye kichupa cha dawa kilichokauka. Na zile picha tisa kwenye simu. Nikasimama mbele yao, safari hii kwa sketi yangu.

"Jamani, mwaka jana niliwaambia nimeuona mnara wa taa. Nilikuwa sijauona. Niliwadanganya."

Walinyamaza kwanza, halafu minong'ono, halafu kicheko cha wale wa mbele. Yule wa nyumba nyepesi alipiga meza. Nikasema sasa nimeuona, kwa mbali, mchana nikiwa kwenye boti na usiku nikiwa pwani, sijaugusa, sijaupanda. Nikapitisha simu. Wakaangalia kile kidoa kwa heshima kubwa kuliko kilivyostahili.

Yule kijana wa nyuma amerefuka zaidi, sauti imeshakuwa ya mtu mzima.

"Mi nilijua, Madam."

"Ulijuaje?"

"Ulisema inaunguruma. Nikawaambia hawa, kama inaunguruma basi ina jenereta, na mwaka ule jenereta walitoa wapi?" Akafunua daftari. Lilikuwa lilelile la mwaka jana, limeongezewa jalada la gazeti. Pale alipoandika inaunguruma ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu.

Tukatoka nje nyuma ya darasa. Nikaweka kijiwe kwenye kifuniko cha ndoo, nikatia matone ya maji, nikawarudisha nyuma wote, nikawasha kibiriti kwenye ncha ya kijiti kirefu. Mwali ukaruka mweupe, wakapiga kelele, masizi yakapanda kama nyuzi. "Inanuka kwa fundi!" mmoja akasema. Ndiyo, inanuka kwa fundi. Nikawaeleza Dalén, fimbo nyeusi, jua linavyofunga gesi na usiku unavyoifungua. Nikawaeleza msikiti wa nyumba moja, babu na wanajeshi, matumbawe. Dakika ishirini zilikuwa zimepita zamani, na mwalimu wa Hisabati alikuwa amesimama mlangoni na chaki yake, lakini naye alikuwa anasikiliza.

Yule kijana akanyoosha mkono.

"Madam, kwa hiyo kuanzia 1926 taa inajiwasha yenyewe."

"Ndiyo."

"Sasa yule aliyekuwa anaiwasha walimpeleka wapi?"

Mwalimu wa Hisabati akaingia darasani. Swali nimeliandika nyuma ya tiketi ya Noah, na liko mezani kwangu hapa hosteli, limebandikwa juu ya ratiba ya mitihani.